Gharama isiyoandikwa kwenye kitabu cha adhabu

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, wachelewaji kumi na watatu wamepiga magoti kwenye changarawe, kando ya lango la shule moja ya sekondari ya kata iliyo kwenye barabara ya Makutano kwenda Butiama. Mwalimu wa zamu anaandika majina, fimbo kaibana kwapani. Kijana wa mwisho kufika suruali yake ya kaki imelowa umande mpaka magotini, maana alikatiza mashamba ya mihogo ili afupishe safari, na bado amechelewa. Mafyekeo yapo matatu tu. Wasiopata fyekeo wanapimiwa eneo la kung'oa majani kwa mikono nyuma ya vyoo, kila mmoja hatua kumi kwa tano, na haondoki mtu mpaka eneo lake likaguliwe.

Saa mbili kamili inalia kengele ya kipindi cha kwanza. Wale kumi na watatu wanaendelea kung'oa majani. Saa mbili na dakika arobaini inalia ya kipindi cha pili. Kijana wa suruali iliyolowa anakaguliwa saa tatu kasoro dakika tano, ananawa mikono kwenye ndoo, anakwenda kubisha hodi darasani. Mwalimu aliyekuwa ubaoni anageuka na kumuuliza alikuwa wapi. Darasa zima linageuka. Mmoja anatania, wengine wanacheka, mwalimu anagonga meza mpaka kelele zitulie, na somo linarudi lilipokuwa baada ya dakika kama tatu. Kijana anafungua daftari na kukuta ubaoni nusu ya mfano wa pili. Mfano wa kwanza umeshafutwa.

Adhabu hiyo moja imelipiwa na pande tatu. Kijana amepoteza kipindi kimoja na zaidi ya robo. Mwalimu wa zamu, ambaye naye ana madaftari ya kusahihisha na somo la kuandaa, ametumia asubuhi yake kukagua majani. Na darasa zima la watoto waliowahi, wasio na kosa lolote, limekatwa dakika tatu. Jioni jina la kijana litaandikwa, kosa lake litaandikwa. Vipindi vilivyopotea havitaandikwa popote.

Nayasema haya nikiwa na deni la namna hiyo. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, nilikutwa nikiongea wakati wa prepo nikapewa kisiki cha mwarobaini nikichimbe. Mizizi ya mwarobaini ikizeeka ni kama chuma. Nilichimba siku tatu, kuanzia mstarini mpaka mapumziko ya saa nne, na katika siku hizo tatu wenzangu darasani walianza logi. Niliporudi walikuwa wameshazoea kusoma jedwali. Hakuna aliyenirudisha nyuma, na mimi sikuthubutu kuuliza, kwa kuwa mwalimu aliyefundisha hesabu ndiye aliyenipa kisiki. Kwenye mtihani wa kidato cha nne niliyaruka maswali ya logi yote. Kosa langu lilikuwa kuongea kwa dakika tano. Malipo yake nimeendelea kuyatoa kwa miaka.

Tunapozungumzia nidhamu ya wanafunzi katika mkoa huu wa Mara, na tunaizungumzia sana, kwenye mikutano ya wazazi, kwenye mabaraza ya madiwani, kwenye mahafali, mazungumzo huwa ni ya maadili: watoto wa siku hizi wameharibika, simu zimewaharibu, wazazi wamewaachia walimu. Mimi nataka tuzungumze hesabu. Nidhamu mbovu ina bei, na namna tunavyoishughulikia nayo ina bei, na bei zote mbili zinalipwa na shule zetu za Musoma, Bunda na Butiama kila siku inayopambazuka, bila kuwamo kwenye kasma yoyote.

Tuchukue mfano. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na tuseme kwa siku vipo vinane. Tuseme katika kila kipindi mwalimu anapoteza dakika tano tu: kunyamazisha, kusubiri watoro wa rejareja waliochomoka wakati wa mabadiliko ya vipindi, kumtoa mmoja nje, kuuliza kiti cha nani kimehamishwa. Dakika tano si nyingi. Mwalimu yeyote anayefundisha darasa la watoto sitini ataniambia nimekuwa mpole. Lakini dakika tano mara nane ni dakika 40, yaani kipindi kimoja kizima kila siku. Kwa mwaka wa masomo wenye siku 194 ni vipindi 194, sawa na siku 24 hivi za masomo. Kwa miaka minne, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, ni siku 97. Huo ni nusu mwaka. Mtoto anaingia kwenye chumba cha mtihani wa taifa akiwa amefundishwa miaka mitatu na nusu, na mwenzake wa shule iliyotulia amefundishwa minne, na karatasi ya mtihani ni ileile.

Sasa tuiweke kwenye shilingi. Tuseme shule ina walimu 20, na mshahara tuukadirie shilingi 800,000 kwa mwezi kwa kila mmoja. Sehemu moja ya nane ya muda wa kufundisha ikipotea, ni shilingi 100,000 kwa mwalimu mmoja kwa mwezi, milioni mbili kwa shule, milioni 24 kwa mwaka. Atatokea mtu wa kubisha kwamba mwalimu hafundishi vipindi vyote vinane na mshahara wake haulipii kufundisha peke yake. Sawa, tugawe kwa mbili: milioni 12. Sasa linganisha na fedha ambayo mkuu wa shule anaipokea kuendeshea shule. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ilipangwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Nusu yake ni ya vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, nusu ndiyo inayofika shuleni, yaani shilingi 12,500. Shule ya wanafunzi 500 inapata shilingi 6,250,000 kwa mwaka mzima kwa ajili ya chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na kila kitu. Kwa hesabu ile ya upole kabisa, muda unaomwagika kwa ajili ya utovu wa nidhamu unagharimu karibu mara mbili ya fedha hiyo.

Mkuu wa shule atatoa jasho kwa wakaguzi akieleza risiti ya shilingi elfu thelathini ya chaki. Zile milioni 12 hakuna anayemuuliza.

Kitabu ambacho kingeweza kusema jambo kipo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Namba 294, zinataka kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, kisha mkuu wa shule atie sahihi. Kanuni hizo hizo zinasema viboko visizidi vinne, na anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na msichana achapwe na mwalimu wa kike ikiwa yupo. Nenda katika ofisi za walimu uone kitabu hicho kinavyotunzwa. Mara nyingi ni kauntabuku yenye jalada lililokunjamana pembeni, imejazwa vizuri Januari na Februari kwa wino wa bluu na rula, halafu mistari inaanza kuyumba Machi, na kufikia Julai kurasa ni nyeupe. Nidhamu ya watoto haikupona Machi. Mkono uliokuwa unaandika ndio uliochoka, au aliyekuwa anaandika aliona hakuna anayesoma.

Na fimbo hiyo nayo ina gharama ambayo nchi hii imeshailipa kwa damu. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria letu hili hili, alifariki baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya kuiba mkoba wa mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja kunyongwa. Miaka miwili kabla ya kifo hicho, Oktoba 2016, nchi nzima ilitazama kwenye simu video ya walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimshambulia mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Mbeya Day kwa mateke na ngumi, na wakaishia kufukuzwa vyuoni. Siwataji hawa kuwachafua walimu. Wengi wa walimu ninaowafahamu wanachapa wakiwa wamechoka, wana watoto wengi mbele yao, na chuoni hawakuwahi kuonyeshwa kwa vitendo njia nyingine.

Ofisi ya mwalimu wa nidhamu ndiko gharama inakoonekana kwa macho. Katika mojawapo niliyokaa siku nzima mjini Musoma, kwenye droo ya meza kulikuwa na simu saba, kila moja imezungushiwa karatasi yenye jina na kufungwa kwa rababendi, pamoja na karata, kisu cha jikoni kilichokatwa mpini, na miwani ya jua isiyo na mkono mmoja. Kila simu katika zile saba ilikuwa na safari yake ya karatasi. Mwanafunzi ameandika maelezo kurasa mbili. Mwalimu ameyasoma, ameandika barua ya kumwita mzazi, amemtuma kiranja ofisini kugongewa muhuri. Mzazi amekuja, au hajaja na barua ya pili imeandikwa. Kamati ya nidhamu imekaa baada ya saa za kazi. Kosa likiwa kubwa, jalada linakwenda bodi ya shule, na wajumbe wa bodi wanatoka mbali, wana nauli, wanakula. Mwalimu huyo wa nidhamu alikuwa pia na vipindi vya jiografia kidato cha tatu. Siku niliyokaa pale, wanafunzi wake walikuja mara mbili kugonga mlango kumkumbusha kipindi, na mara zote mbili alikuwa na mzazi mbele yake.

Upande wa samani sitakaa sana, kwa kuwa kila mtu anaujua. Kiti cha mbao kilichofungwa mguu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, meza iliyotobolewa kwa bikari mpaka karatasi ya mtihani inapasuka ukiandikia juu yake, kitasa kilichong'olewa. Wazazi waliopeleka watoto kidato cha tano kabla ada haijafutwa katika mwaka wa fedha 2022/23 watakumbuka michango kwenye fomu za kujiunga: shilingi 15,000 za ukarabati wa samani, 5,000 za tahadhari, 30,000 za walinzi, wapishi na vibarua. Hiyo tahadhari maana yake ni kwamba mtoto wako analipia mapema kitu ambacho bado hajakivunja. Sehemu ya fedha ya walinzi nayo, katika shule za bweni, ni ya kuwazuia waliomo ndani wasitoke, si wezi wa nje peke yao.

Gharama za namna hiyo zinapozidi kiasi zinafikia pale zilipofika Kiwanja Sekondari, wilayani Chunya, Oktoba 2019. Mabweni mawili yaliungua. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa hadharani wanafunzi 14 waliodaiwa kukutwa na simu, kisha zaidi ya wanafunzi 300 wa kidato cha tano na sita wakarudishwa nyumbani na kuambiwa warudi na shilingi 200,000 kila mmoja. Rais John Magufuli alimsifu. Nchi ikajadili viboko wiki nzima, kama vilikuwa halali au la. Sikusikia mjadala juu ya mzazi wa Rukwa au Songwe aliyekuwa na mtoto pale, ambaye hakuwasha kiberiti, akauza mahindi ya chakula kulipia bweni. Jirani zetu wa Kenya wameilipa bei hiyo kwa namna inayotisha zaidi. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos, moto uliowashwa na wanafunzi. Na mwaka 2016, katika muhula mmoja, zaidi ya shule mia moja zilichomwa. Tarime iko mlangoni kwa Wakenya. Redio zao tunazisikiliza, watoto wetu wanazisikia pia.

Lakini bweni likiungua, angalau gharama inaonekana, tathmini inafanywa, mbunge anakuja. Inayoniumiza mimi ni ile ya kimyakimya, na mojawapo ni kumrudisha mtoto nyumbani. Tunaiona kama adhabu ya bure kwa shule: mtoto msumbufu ameondoka, darasa limetulia. Fikiria mzazi mvuvi wa Kisorya, kule pantoni linakovukia kwenda Ukerewe, mwanawe anasoma bweni Musoma mjini. Anapigiwa simu aje. Anapanda gari hadi Bunda, anaunganisha hadi Musoma, analala kwa ndugu, anasikia mashitaka kwa nusu saa, anarudi na mtoto aliyesimamishwa wiki mbili. Nauli ya mtu mmoja kwenda, nauli ya watu wawili kurudi, na siku ambazo mtego wake haukutegwa. Mtoto akifika nyumbani hakai kusoma. Anakwenda mwaloni, anashika fedha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na wiki mbili zikiisha mtu anayerudi shuleni, akirudi, si yule aliyeondoka.

Wamarekani wamelipigia hesabu jambo hili. Mwaka 2016 watafiti Russell Rumberger na Daniel Losen wa Chuo Kikuu cha California walikadiria kwamba kuwasimamisha masomo wanafunzi wa darasa la kumi peke yake kulisababisha zaidi ya vijana 67,000 waache shule, na kwamba jamii ya Marekani inalipia jambo hilo zaidi ya dola bilioni 35, kwa kodi zisizokusanywa, magonjwa, na magereza. Sisi tuna neno mdondoko kwenye takwimu zetu za elimu, tunajaza safu ya utoro na safu ya mimba. Hatuna safu ya waliodondoka kwa kuwa tuliwaambia waende nyumbani.

Na historia ya jambo hili inatugusa watu wa Mara kwa namna ya pekee, kwa kuwa aliyewarudisha nyumbani wanafunzi wengi kwa siku moja kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua katika nchi hii ni mtoto wa Butiama. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Nchi ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru, wasomi wa kuhesabika, hospitali na wizara zikiwasubiri hao hao. Ila tukumbuke na upande wa pili. Walimlaumu kuwa wakubwa wanajilipa mishahara minono, naye siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Na wengi wa wanafunzi wale walirudishwa masomoni baadaye. Alikuwa mwalimu kwa kazi. Nadhani aliijua bei ya darasa tupu, na aliyasikia malalamiko yaliyokuwa ndani ya utovu ule wa nidhamu hata alipokuwa akiuadhibu.

Miezi mitano baadaye, Machi 1967, akatoa Elimu ya Kujitegemea. Shule iwe na shamba, mwanafunzi ashike jembe, kazi ya mikono isiwe jambo la kumdharaulisha msomi. Ndiyo maana naona uchungu kila ninapopita Butiama nikaona jembe na fyekeo vikitumika kama adhabu. Mtoto aliyechelewa analimishwa. Aliyepiga kelele anachimba kisiki. Mwenye tabia nzuri anakaa darasani. Baada ya miaka minne ya somo hilo, ambalo halimo kwenye muhtasari lakini linafundishwa kila asubuhi, tunamshangaa kijana aliyemaliza shule kwa nini analiona jembe kuwa ni la waliofeli. Hatukulihesabu hilo kwenye gharama. Ningelihesabu la kwanza.

Kuna mambo ya mkoa huu ambayo huwezi kuyaelewa ukisoma rejista ya mahudhurio ukiwa Dodoma. Walimu wa kando ya ziwa, kuanzia Makoko hadi Kibara, wana kalenda mbili, ya wizara na ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Giza likiingia, wavulana wanakesha mitumbwini au mwaloni wakianika, na asubuhi aliyekuja shuleni analala juu ya meza. Mwalimu anaona kiburi. Mtoto huyo hajalala. Upande wa Buhemba kuna dhahabu, kuna makarasha yanayosaga mawe na watu wanaoosha mchanga, na mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kurudi jioni na noti mfukoni. Ukimtishia kumfukuza shule huyo, unamtishia kwa kitu anachokitaka. Na kuna Januari baada ya msimu wa tohara, katika jamii zinazotahiri vijana wakiwa wakubwa: mvulana ameambiwa na ukoo mzima kwamba sasa ni mwanamume, ameimbiwa, amepewa zawadi. Wiki moja baadaye anaamriwa alale kifudifudi mbele ya wasichana achapwe. Anakataa. Kukataa adhabu ni kosa la kusimamishwa masomo. Kosa la awali lilikuwa ni kutochomekea shati.

Na kuna njaa. Hii haihitaji falsafa. Shule isiyo na chakula cha mchana ina shule mbili ndani yake, ya kabla ya saa sita na ya baada ya hapo. Utoro wa rejareja mkubwa ni wa mchana. Wanaoruka uzio kwenda kutafuta mihogo au andazi wanaandikwa watoro, na kesho yake wanang'oa majani wakati wa hesabu.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba bila kiboko darasa la watoto sitini halikaliki. Nalichukulia neno hilo kwa uzito, kwa sababu wanaolisema ndio wanaosimama mbele ya hao sitini. Lakini kuna watu walioliangalia kwa karibu. Mwanasaikolojia wa Marekani Jacob Kounin alirekodi madarasa kwa kamera, na mwaka 1970 akachapisha alichokiona. Walimu wenye madarasa yaliyotulia na wale wenye madarasa yenye fujo hawakutofautiana katika namna ya kukemea. Walitofautiana kabla ya kosa: nani anaona kinachotendeka nyuma wakati akiandika ubaoni, nani somo lake halina mapengo ya kusubiri. Na hapa kwetu, mtafiti Mabula Nkuba na wenzake walitoa mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za serikali, wakichanganya mbinu za malezi, kumwelewa mtoto mwenye matatizo, na njia za nidhamu zisizo za fimbo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha ukatili ulipungua katika shule zilizopata mafunzo, kwa ushahidi wa walimu na wa wanafunzi pia. Siku tano na nusu! Vyuo vya ualimu vya Bunda na Tarime vinakaa na walimu watarajiwa kwa miaka.

Kila shule kwenye makaratasi ina mwalimu wa malezi na unasihi. Nimewakuta wengi. Wana vipindi ishirini na zaidi kwa wiki kama wenzao, hawana chumba, hawana saa. Mmoja anaongea na watoto chini ya mwembe, na kila anayepita anajua fulani leo ana matatizo, kwa hiyo wenye matatizo makubwa hawaendi kwenye mwembe. Mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, kwa mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020, uliwekewa sehemu ya Shule Salama inayogusa jambo hili hili, na nalifurahia hilo. Ila kumpunguzia mwalimu mmoja vipindi sita kwa wiki na kumpa ufunguo wa chumba hakusubiri mkopo. Mwandaaji wa ratiba anaweza kufanya hivyo Januari. Vilevile hakuna kanuni inayomlazimisha mtu aadhibu wakati wa vipindi. Mchelewaji anaweza kuingia darasani saa mbili na kulipa deni lake saa tisa. Mzazi wa kando ya ziwa akiitwa kwenye kikao cha chakula cha shule, debe la mahindi na sado ya dagaa vinanunua utulivu wa mchana ambao fimbo haijawahi kuununua. Na ule msururu wa maelezo, barua na vikao kwa kila simu iliyofichwa kwenye soksi, bodi zingeuangalia upya, kwa kuwa zinatumia tembe ya malaria kutibu mafua.

Shule ya Msingi Mwisenge, Musoma mjini, ndiko Nyerere alikopelekwa mwaka 1934 akiwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa chifu kutoka Butiama aliyeanza shule kwa kuchelewa sana. Mwalimu wake, James Irenge, aliishi muda mrefu akasimulia habari za mwanafunzi huyo. Kwa umri ule, mtoto kama huyo leo angeanza shule akiwa amewekwa kwenye orodha ya wachelewaji.

Januari shule zitafunguliwa, na mhasibu au mtunza stoo atakwenda dukani kununua kauntabuku mpya, kwaya tatu, kwa ajili ya kitabu cha adhabu. Mwalimu wa nidhamu atakaa na rula achore safu: tarehe, jina, kidato, kosa, viboko, aliyechapa, sahihi. Ukurasa wa kauntabuku ni mpana. Baada ya sahihi, upande wa kulia, hubaki nafasi ya vidole viwili isiyochorwa kitu, na safu ya vipindi vilivyopotea inaenea hapo.